Wastani wa 95 unaficha chumba cha 210

Swali limetoka kwa mama mmoja, nalifupisha hapa: "Habari za kazi mtaalamu. Shule ya binti yangu imepima gesi ya radoni, tumeletewa karatasi. Walipima wikendi moja, vyumba vitatu kati ya kumi na nane vya ghorofa ya chini, majibu ni 40, 35 na 210, alafu mwishoni wameandika wastani ni 95 kwa hiyo shule iko salama. Binti yangu anasoma kwenye hicho chumba cha 210 na ana wiki tatu anakohoa. Je hii ni salama kweli? Sheria zinasemaje? Nimhamishe? Na hicho kikohozi ndo radoni?"

Nzuri dada, na hongera kwa kufika mpaka kwenye lile jedwali la nyuma, maana wazazi wengi wakiona neno "salama" pale juu wanakunja karatasi yanaisha. Nianze na kikohozi kwa sababu najua ndo kinachokukosesha usingizi. Hapana, kikohozi cha wiki tatu sio radoni. Radoni, yaani gesi yenye mionzi inayotoka ardhini, haikoholeshi mtu, haiwashi macho, haiumizi kichwa, haileti homa wala kichefuchefu, haina dalili yoyote ya leo wala ya kesho, madhara yake ni kansa ya mapafu na yanajengeka kwa miaka mingi sana. Kwa hiyo mpeleke mtoto kwa daktari kwa ajili ya kikohozi chenyewe, wiki tatu ni nyingi, achunguzwe kifua kama mtoto mwingine yeyote anayekohoa. Ila usiende kumuomba daktari ampime radoni mwilini, hamna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachoweza kukwambia mtoto kavuta kiasi gani. Radoni inapimwa kwenye chumba, haipimwi kwenye mtu.

Sasa turudi kwenye 95, na hapa niseme wazi, hiyo namba haina maana yoyote. Mahesabu yako sawa, 40 jumlisha 35 jumlisha 210 ni 285, gawanya kwa tatu unapata 95, hawajakosea hesabu. Kosa ni kujumlisha vyumba. Hakuna mtoto anayekaa kwenye "wastani wa shule", kila mtoto anakaa kwenye chumba chake na anavuta hewa ya chumba hicho. Ni kama nyumba ya vyumba vitatu, viwili vikavu na kimoja kinavuja mvua ikinyesha, huwezi kumwambia anayelala kwenye kile kinachovuja kwamba kwa wastani nyumba yetu ni kavu. Mwongozo wowote wa kupima shule ninaoufahamu unaamua chumba kwa chumba, na chumba kilichozidi kiwango kinashughulikiwa chenyewe hata kama vingine vyote viko chini. Kwa hiyo soma hiyo karatasi hivi: vyumba viwili vina majibu ya chini, kimoja kina majibu yanayotaka kipimo cha pili, na vyumba kumi na tano havijulikani kabisa. Neno "salama" halijatokea popote hapo.

Naona bora nieleze hii gesi inaingiaje, kwa sababu ukishaelewa hilo utaona mwenyewe kwanini chumba kimoja kina 40 na cha jirani 210. Radoni inatoka ardhini. Kwenye udongo na miamba kuna urani kidogo karibu kila mahali duniani, urani inabadilika polepole kuwa vitu vingine, kimojawapo ni radiamu, na radiamu ikibadilika inatoa radoni ambayo ni gesi, kwa hiyo haibaki pale kwenye jiwe, inapenya kwenye vinafasi vya udongo na kupanda. Ikitokea nje inachanganyika na hewa na kubaki kidogo tu, kwa kawaida kati ya bekereli 5 na 15 kwa mita moja ya ujazo, kipimo hichohicho cha zile namba zenu. Ikitokea chini ya jengo ndo shida inaanza. Jengo linavuta, watu wengi hili hawalijui. Hewa ya ndani ikiwa na joto kuliko ya nje inapanda na kutokea juu, feni za jikoni na vyooni na maabara zinatoa hewa nje, na hewa inayotoka lazima ifidiwe na nyingine, kwa hiyo jengo linavuta kutoka chini kupitia ufa wa sakafu, kiungo cha ukuta na sakafu, tundu la bomba la maji ambalo fundi hakuliziba vizuri, mtaro wa nyaya unaopita chini ya madarasa, shimo la maji machafu. Chumba kimoja kina ufa mrefu nyuma ya kabati, cha pili hakina. Chumba kimoja kina feni kubwa inayotoa hewa nje bila kuingiza hewa nyingine, cha pili madirisha yake yanafunguliwa kila asubuhi. Tofauti yote inatokea hapo, ukuta mmoja katikati na namba mbili tofauti kabisa, ndo maana kupima vitatu kati ya kumi na nane alafu kukisia vilivyobaki haikubaliki.

Na 210 maana yake nini hasa? Bekereli moja ni atomu moja kubadilika kila sekunde. Chukua darasa la mita 9 kwa 7, kimo mita 3, ni mita za ujazo 189. Zidisha kwa 210, unapata karibu mabadiliko 40,000 kila sekunde ndani ya hilo darasa wakati mwalimu anafundisha na hakuna anayeona wala kunusa kitu. Sitaki hiyo namba ikutishe kupita kiasi, maana hata hewa ya nje ina yake, ila nataka uone kwamba ni kitu halisi. Radoni yenyewe ukiivuta nyingi unaitoa tena unapopumua, wabaya zaidi ni watoto wake, yaani vitu vinavyozaliwa ikishabadilika, hasa aina mbili za poloniamu. Hivyo sio gesi, ni chembe, vinashika vumbi, vinaganda kwenye njia za hewa za mapafu, alafu vinatoa mionzi ya alfa palepale juu ya seli. Mionzi ya alfa haipiti hata karatasi, kwa nje ya ngozi haina neno, ila ikitolewa ndani ya pafu inaweza kuharibu DNA ya seli iliyo karibu. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliiweka radoni kwenye kundi la kwanza la visababishi vya kansa tangu 1988, na WHO inasema baada ya sigara hii ndo inayofuata kwa kusababisha kansa ya mapafu.

Ukubwa wa hatari, na hapa naomba usome taratibu. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka 2005 ulikusanya data za nchi nyingi na kukuta kwamba kila bekereli 100 zinazoongezeka kwenye hewa ya nyumba mtu anayoishi kwa miaka mingi, hatari ya kansa ya mapafu inapanda kama asilimia 16. Asilimia 16 ya nini? Kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara, uwezekano wa kufa kwa kansa ya mapafu mpaka afike miaka 75 ni kama asilimia 0.4 pasipo radoni, 0.5 kwenye bekereli 100, na 0.7 kwenye 400. Kwa mvuta sigara ni asilimia 10, 12 na 16. Umeona tofauti? Moshi na radoni vikikutana ndo kuna maafa makubwa. Na hizo ni namba za kuishi humo miaka mingi. Binti yako anakaa darasani labda saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ukihesabu na likizo unafika kama saa 1,100 hadi 1,300 kwenye mwaka wenye saa 8,760, yaani karibu asilimia 13 hadi 15 ya muda wake. Kwa hiyo mwaka mmoja kwenye chumba cha 210 sio hukumu ya mtu, na usilale ukiwaza hivyo. Ila chumba hakikai mwaka mmoja, kinakaa miaka arobaini, kila mwaka wanaingia watoto wapya, na yupo mwalimu ambaye pengine amefundishia chumba hichohicho miaka kumi na tano. Huyo mwalimu mimi ndo namfikiria zaidi ya wote kwenye hiyo ripoti, na hakuna aliyemtaja.

Na kwa kuwa saa nyingi zaidi mtoto yuko nyumbani, pima na kwako. Nasema hivi kwa wazazi wote wanaoniuliza habari za shule. Kama nyumba yako iko chini au ina vyumba chini ya ardhi, kifaa kimoja cha muda mrefu kitakwambia zaidi kuliko hasira yoyote kwa mwalimu mkuu.

Kuhusu sheria. Hakuna sheria moja ya dunia nzima, kila nchi ina yake na namba zinatofautiana, hii inachanganya watu sana. WHO kwenye mwongozo wake wa 2009 ilipendekeza kiwango cha bekereli 100, na nchi isiyoweza kufika hapo isizidi 300. Marekani wanatumia kipimo chao, pikokyuri 4 kwa lita, ambazo ni sawa na bekereli 148, hicho ndo EPA, shirika lao la mazingira, wanasema chumba kirekebishwe, na hata kati ya 2 na 4 wanashauri ufikirie kurekebisha. Ila hakuna sheria ya serikali kuu ya Marekani inayolazimisha kila shule ipime, ni ushauri, majimbo kadhaa ndo yameweka sheria zao. Kanada ni 200. Umoja wa Ulaya kwa maagizo ya 2013 uliwataka wanachama waweke kiwango kisichozidi 300, na kwenye maeneo yaliyotambuliwa kuwa na radoni nyingi sehemu za kazi zilizo ghorofa ya chini au chini ya ardhi lazima zipimwe. Uingereza sehemu za kazi ni 300 kwa kanuni za 2017. Shule ni sehemu ya kazi ya walimu, kwa hiyo mara nyingi inaingia kwenye sheria kupitia mlango huo wa mwajiri na mwajiriwa hata pale ambapo neno "mwanafunzi" halijaandikwa popote. Ukitaka kujua kwenu uliza mamlaka ya mionzi ya nchi au wizara inayosimamia usalama kazini, uliza maswali mawili tu: kiwango cha sehemu za kazi ni bekereli ngapi, na je shule zinalazimika kupima.

Sasa angalia 210 yako kwenye hizo namba. Kwa WHO imezidi mara mbili. Kwa Marekani imezidi. Kwa Kanada imezidi kidogo. Kwa Uingereza kama sehemu ya kazi haijafika. Hii sio kwamba wataalamu hawajui, ni kwamba hakuna mstari ambao chini yake ni salama kabisa na juu yake ni sumu, hatari inapanda polepole na kila nchi imechagua pa kusema basi. Ndo maana mimi shule ikiniletea 210 siwaambii wafunge chumba leo wala siwaambii wasahau. Nawaambia pimeni tena, na safari hii pimeni vizuri.

Maana kile kipimo cha wikendi kina matatizo yake na hapa nitakaa kidogo. Shule sio nyumba. Nyumbani watu wapo usiku na mchana, shuleni jengo lina maisha mawili. Siku za masomo milango inafunguka na kufunga, mfumo wa hewa unawashwa asubuhi, feni zinazunguka. Jioni na wikendi kila kitu kinazimwa, madirisha yanafungwa, gesi inajikusanya. Niliwahi kuweka mashine inayosoma kila saa kwenye darasa moja la chini, mchoro wake ulikuwa kama msumeno: usiku unapanda mpaka 400 na kitu, asubuhi mlinzi akiwasha mfumo wa hewa unaanza kushuka, ikifika saa tatu uko chini ya 90, unabaki hapo mpaka watoto waondoke, alafu unapanda tena. Darasa lile ukilipima Jumamosi na Jumapili utawatisha watu bure. Lakini nimeona na kinyume chake, shule nyingine mfumo wa hewa ulikuwa unatoa hewa nyingi kuliko unayoingiza, kwa hiyo ukiwashwa ndo unavuta gesi kutoka chini ya sakafu, wikendi namba iko chini na Jumatatu inapanda. Kwa hiyo 210 ya wikendi inaweza kuwa 120 wakati binti yako yuko darasani, na inaweza kuwa 300. Na zile 40 na 35 zilizowafurahisha hazina uhakika wowote zaidi, zinaweza nazo kuwa kubwa zaidi siku za masomo. Wikendi haijui.

Kipimo cha kwanza kinachoaminika kwa shule kinakwenda hivi. Kinafanywa siku za masomo, mfumo wa hewa ukifanya kazi kama kawaida yake, kwenye msimu ambao madirisha yanafungwa zaidi, sio likizo, sio wakati wa ukarabati, sio siku za dhoruba na upepo mkali. Vifaa vya muda mfupi vinakaa siku 2 hadi 5, madirisha na milango ya nje imefungwa kuanzia masaa 12 kabla ya kipimo, ukiacha kuingia na kutoka kwa kawaida. Kila chumba kinachotumiwa mara kwa mara na kinachogusa ardhi kinapimwa, na vile vilivyo juu ya chumba cha chini ya ardhi pia. Sio madarasa peke yake, kuna ofisi ya mwalimu, maktaba, chumba cha muziki, bwalo, ukumbi wa mazoezi, chumba cha wahudumu. Vyoo, korido, stoo na ngazi unaviacha. Kwenu ni vyumba kumi na nane, kwa hiyo vifaa kumi na nane, ongeza viwili vya kurudia, yaani vinawekwa sambamba na vingine ili tuone kama vinasoma sawa, na kimoja kisichofunguliwa kabisa ambacho kinapelekwa maabara pamoja na vingine, huyo ni shahidi, akirudi na namba kubwa ujue maabara au usafirishaji una kasoro. Jumla ishirini na moja. Kwenye ripoti yako kulikuwa na vitatu tu na hakuna shahidi.

Mahali pa kuweka nako kuna utaratibu. Kifaa kikae kwenye hewa ambayo watu wanaivuta, nusu mita kutoka sakafuni hadi chini kidogo ya mita mbili, mita moja mbali na mlango au dirisha, kama sentimita 30 kutoka ukuta wa nje, mbali na joto, na upepo wa feni, na jua. Nakumbuka shule moja nilienda kukusanya vifaa baada ya miezi mitatu, kimoja sikioni. Kilikuwa kikopo cheusi cha plastiki, kidogo kama kifuniko cha chupa kubwa, nilikiacha juu ya rafu ya vitabu nyuma ya darasa. Mhudumu wa usafi alikiona, akadhani ni kitu cha mwanafunzi, akakitunza vizuri kabisa ndani ya droo ya meza ya mwalimu na kuifunga kwa ufunguo. Alifanya kwa nia njema, lakini kipimo kile kilikwenda na maji, nilikuwa nimepima hewa ya droo. Tangu hapo kila kifaa nakibandika karatasi ya maelezo na kabla ya kuanza naongea na wahudumu wa usafi kwanza, ndipo na walimu.

Kile kikopo cheusi chenyewe ni kitu cha ajabu na napenda kukieleza kwa wanafunzi. Ndani kuna kipande cha plastiki safi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba hivi. Kila chembe ya alfa inayokigonga inaacha jeraha dogo lisiloonekana. Miezi mitatu au zaidi inapita, maabara wanakiosha kwenye dawa kali, yale majeraha yanapanuka na kuwa vishimo, wanavihesabu kwa hadubini. Hakina betri, hakina taa, hakipigi kelele. Hicho ndo cha muda mrefu, zaidi ya siku 90, na ndo kinachokupa picha ya kweli zaidi ya hali ya mwaka mzima kwa sababu kinakula siku za mvua na za jua, za baridi na za joto. Kile cha siku 2 hadi 5 mara nyingi ni cha mkaa, mkaa unanyonya radoni, na hicho lazima kifike maabara haraka maana nusu ya radoni inapotea kila siku 3.8, ukikiacha mezani wiki nzima inabaki kama robo tu.

Baada ya kipimo cha kwanza, chumba kilichokuwa juu ya kiwango kinapimwa mara ya pili kabla ya kuvunja sakafu. Mwongozo wa EPA wa shule wa 1993 unasema kama namba ni kubwa sana, mara kadhaa ya kiwango, mfano pikokyuri 10 yaani 370 kwenda juu, rudia na kifaa cha muda mfupi ili usipoteze muda. Kama imezidi kiasi, kama yenu ambayo kwa kipimo chao ni 5.7, unaweza kurudia na cha muda mfupi au ukatumia cha muda mrefu upate picha kamili. Ningekuwa mimi kwenye shule yenu ningeweka vyote viwili kwenye chumba hicho, na kwa siku chache ningeleta mashine ya kila saa nione kinachotokea watoto wakiwa ndani.

Na ikithibitika kwamba kiko juu? Hapa ndo nawasihi wazazi msikate tamaa, kwa sababu radoni ni moja ya hatari chache zenye dawa inayofanya kazi. Sio kuziba nyufa peke yake, kuziba ni kuzuri lakini peke yake hakutoshi, gesi inatafuta tundu lingine. Sio kufungua madirisha, inashuka sasa hivi na ukifunga inarudi. Wala sio zile mashine za mezani za kusafisha hewa, gesi haikamatwi hivyo. Dawa kuu ni kunyonya hewa chini ya sakafu: fundi anatoboa zege, anachimba kashimo kwenye kokoto chini yake, anaingiza bomba la plastiki, bomba linapanda mpaka juu ya paa mbali na madirisha, na feni iliyowekwa njiani inavuta usiku na mchana. Chini ya sakafu kunakuwa na mvuto mkubwa kuliko wa jengo, kwa hiyo gesi inaenda kwenye bomba badala ya darasani. Ikifanywa vizuri inaweza kushusha kwa asilimia 90 na zaidi. Shule ina ugumu wake, chini ya sakafu kuna kuta za msingi zinazogawa kokoto vipande vipande, kwa hiyo kabla ya kufunga mfumo fundi mzuri anatoboa vitundu vidogo sehemu mbalimbali, anavuta tundu moja kwa mashine na kuweka moshi kidogo kwenye mengine aone kama unavutwa chini. Usipofyonzwa ujue mvuto haufiki huko, hapo kunahitajika bomba la pili. Fundi asiyefanya jaribio hilo mwogopeni. Njia ya pili ni kurekebisha mfumo wa hewa wenyewe uingize hewa ya nje zaidi kuliko unayoitoa, kwenye baadhi ya shule hilo peke yake limemaliza kazi, ila linategemea mtu asiuzime ili kupunguza bili ya umeme.

Na kuzimwa kunatokea kweli. Kwenye bomba la mfumo kuna kakioo kenye umbo la herufi U kenye maji ya rangi, mara nyingi mekundu au ya buluu. Feni ikivuta upande mmoja unapanda na mwingine unashuka. Pande zote zikiwa sawa, feni imekufa au imezimwa. Shule moja niliyorudi baada ya mwaka na nusu nilikuta maji yametulia sawasawa kama kwenye glasi mezani. Mtu alichomoa waya kwa sababu feni ilikuwa inapiga kelele wakati wa mitihani, hakuna aliyerudisha, na kwenye faili la shule bado imeandikwa "tatizo limetatuliwa". Watoto wa mwaka mzima na nusu walisoma mle. Kwa hiyo ukisikia mfumo umefungwa, omba mambo matatu: kipimo kipya ndani ya siku 30 lakini sio kabla ya saa 24 tangu uwashwe, mtu mmoja mwenye jina ambaye kazi yake ni kutazama kile kioo kila wiki na kuandika, na vipimo kurudiwa kila baada ya miaka michache na kila mara jengo likiongezwa au mfumo wa hewa ukibadilishwa.

Kama kwenu kuna jengo jipya linapangwa, sema mapema kabla zege halijamwagwa. Tabaka la kokoto safi kama sentimita 10, nailoni nzito juu yake, bomba moja linalopanda mpaka paani, nyufa na viungo vizibwe. Kufanya hivyo wakati wa ujenzi ni rahisi kuliko kutoboa sakafu ya darasa lenye watoto.

Umeuliza pia umhamishe au la. Kuhama shule, hapana, kwa sababu hata hiyo unayompeleka huenda haijawahi kupima kabisa, na angalau hii imeanza. Ila kuhama chumba linazungumzika. Mwombe mwalimu mkuu kwa heshima, darasa hilo lifundishiwe ghorofa ya juu mpaka majibu ya pili yatoke, juu radoni huwa ndogo zaidi kwa kawaida, na kama hakuna nafasi basi mfumo wa hewa uwashwe masaa mawili kabla ya masomo na madirisha yafunguliwe pale inapowezekana. Hiyo ni ya muda tu, sio dawa. Nenda na wazazi wengine wawili watatu na yule mwalimu wa chumba hicho kama atakubali, msiende kugombana, maana shule iliyopima kwa hiari yake alafu ikashambuliwa haitapima tena, na majirani zake nao watajifunza kunyamaza. Mwambie hivi: tunashukuru mmepima, tunaomba mrudie siku za masomo, vyumba vyote kumi na nane, na majibu tuletewe kwa kila chumba kwa jina lake bila mstari wa wastani. Akikuuliza kwanini bila wastani, mwonyeshe ile hesabu ya 285 gawanya kwa tatu, nadhani ataelewa.

Majibu ya pili yakitoka niandikie, weka na tarehe, aina ya kifaa na hali ya mfumo wa hewa siku hizo, nitakusaidia kuyasoma.